Nipa ya chupa nayo ni nipa

Kila msimu wa korosho unapokaribia, hoja ya kurasimisha nipa, yaani gongo ya mabibo, tunda la mkorosho, hurudi. Suala la gongo limeshafika bungeni zaidi ya mara moja, na huku Mtwara na Lindi linapokelewa kwa hamu ya pekee, kwa sababu gongo yetu inatokana na mabibo, na mabibo yanaoza chini ya mikorosho mbele ya macho ya watu wanaohitaji fedha. Wanaoitetea hoja hiyo huianza karibu kwa maneno yaleyale: nipa inaua kwa kuwa inapikwa vichakani, kwenye mapipa yenye kutu, na wapishi wasiokaguliwa na mtu; ipelekeni kiwandani, ipimwe, itiwe kwenye chupa yenye lebo, ilipe kodi, nayo itakuwa salama kama vileo vingine. Nia yao naiheshimu, na sehemu ya hoja yao inayohusu kipato nitaigusa hapa chini kwa uzito wake. Lakini kwa upande wa afya wameanzia pabaya. Madhara makubwa ya nipa hayatoki kwenye pipa. Yanatoka kwenye kilevi kilichomo ndani ya pipa: wingi wake, bei yake, urahisi wa kukipata, na majira kinapoingia kijijini. Ukiisafisha nipa bila kuyagusa hayo manne, madhara yatabaki palepale na lebo itakuwa nzuri zaidi.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Msimu wa 2024/25 Tanzania ilivuna korosho ghafi zaidi ya tani 500,000, na sehemu kubwa ilitoka mikoa ya Kusini. Kila korosho huning'inia kwenye bibo, na bibo lina uzito wa mara 5 hadi 10 ya korosho yake. Hesabu hiyo inatupa mamilioni ya tani za tunda lenye sukari nyingi, na lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, zinazodondoka ardhini kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Tunda lenyewe halingoji mtu. Likikaa siku moja au mbili kwenye jua la huku linaanza kuchacha, na hakuna lori litakaloyafikisha mabibo mabichi Dar es Salaam yakiwa bado yanafaa kuuzwa. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimekuwa kikifundisha namna ya kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo, na kazi hiyo inastahili kuungwa mkono kwa nguvu kuliko inavyoungwa sasa. Hata hivyo kinachotengenezwa ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachooza, na kati ya hivyo viwili ndipo pombe ilipojipatia nafasi.

Nenda Tandahimba au Newala mwezi wa Novemba uone inavyokwenda. Mama anaamka kuokota korosho, na kila anapoinyofoa korosho kutoka kwenye bibo, bibo lililo zima analitenga kwenye ndoo. Mchana yanapondwa na kukamuliwa, juisi inachujwa kwa kitambaa, na jioni au kesho yake ni uraka: mtamu, wenye povu, na ule ukakasi unaobaki kwenye ulimi na kooni. Ukilala zaidi unakuwa mkali. Ukiachwa uchache siku kadhaa kwenye pipa, kisha ukawekwa jikoni na mvuke wake ukapitishwa kwenye bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, kinachodondoka upande wa pili ni nipa. Nguvu ya uraka ni ya bia au kuzidi kidogo, wakati nipa inaweza kufika asilimia 40 ya kilevi au zaidi, kutegemea mpishi aliamua kusimama wapi. Ila tofauti yao kubwa naiona kwenye muda. Uraka hauhifadhiki, unanywewa siku ileile, na msimu ukiisha nao umekwisha. Nipa inakaa. Inatiwa kwenye dumu la lita 20, inafungwa nyuma ya bodaboda, inavuka wilaya, na inauzwa hata miezi ya masika ambapo mfukoni hamna kitu na ghalani hamna kitu. Sheria yenyewe inavitenganisha vinywaji hivi viwili, kwa kuwa kupika pombe ya moshi bila leseni ni kosa tangu sheria ya 1966, wakati pombe za kuchachushwa zinaweza kuuzwa kwa kibali. Kwenye mjadala wetu, vyote vinatiwa kapu moja la pombe za kienyeji, na hapo ndipo tunapoanza kupotea njia.

Sasa tuangalie watafiti wanasema nini kuhusu usalama. Jürgen Rehm, mtafiti wa afya ya jamii anayejulikana kwa kazi zake Toronto nchini Canada, pamoja na mkemia wa Ujerumani Dirk Lachenmeier, wamechambua kwa miaka mingi matokeo ya vipimo vya pombe zisizo rasmi kutoka mabara mbalimbali. Hitimisho lao halilingani na imani iliyoenea kwetu. Ukiyaweka kando matukio ya sumu ya methanoli, ambayo ni ya kutisha lakini si ya kila siku, madhara ya kiafya ya pombe zisizo rasmi yanaelezwa zaidi na ethanoli, kilevi kilekile kilichomo kwenye bia ya kopo na wiski ya gharama. Methanoli kidogo hutokea yenyewe tunda linapochacha, na mabibo ni tunda kama mengine. Lakini maafa yanayoondoa makumi ya watu kwa siku chache mara nyingi yanaanzia kwenye spiriti ya viwandani ambayo muuzaji mwenye tamaa ameichanganya ili apate lita nyingi kwa gharama ndogo. Kwa hiyo maafa hayo yana mhalifu wake, na huyo atafutwe. Mama wa uraka wa Newala simhesabu humo.

Ukubali au ukatae hoja hiyo, huwezi kuikwepa orodha ya magonjwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vileo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, bila kutofautisha cha kienyeji na cha kiwandani. Mnywaji mkubwa ana hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara 3 ya mtu asiyekunywa kwa kiwango hicho, na kifua kikuu huku kwetu hakijawahi kuwa ugonjwa wa kusimuliwa. WHO inakadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani, vikiwemo vya ini, vya saratani, vya ajali za barabarani na vya kujeruhiana. Na kuna takwimu moja ya nyumbani ambayo huwa haisikiki: utafiti wa kitaifa wa 2012 kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba takriban watu wazima 3 tu kati ya 10 nchini ndio waliokuwa wanywaji. Wengi wetu hatunywi kabisa, kwa dini, kwa malezi au kwa hiari. Mzigo wote umebebwa na wachache wanaokunywa sana, pamoja na wake zao, watoto wao na abiria wao. Sera inayolenga kuvuta wanywaji wapya kwa chupa nzuri, katika mikoa ambayo wengi hawanywi, inakwenda kinyume na kile kinachotulinda hadi sasa.

Mfano wa karibu tunao Kenya. Mwaka 2010 majirani zetu walipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wengi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka, na humo wakaifuta sheria iliyokuwa imepiga marufuku chang'aa, gongo ya kwao. Lengo lilikuwa lilelile tunaloambiwa sasa: mpishi atoke mafichoni, achukue leseni, kinywaji kitiwe kwenye chupa ya kioo na kupimwa, na vifo vikome. Mwezi Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe yenye methanoli, na Februari 2024 Kirinyaga ikazika tena. Sidai kwamba sheria ile ndiyo iliyoua. Ninachosema ni kwamba leseni haikumwinua mpishi mdogo, ambaye hakuwa na fedha za chupa wala za maabara. Ilifungua mlango kwa watengenezaji wa kati waliojua kuchanganya spiriti na kubandika lebo, na mnywaji akashindwa kutofautisha kilichopimwa na kisichopimwa kwa sababu vyote vilifanana. Uganda nayo ilitunga sheria ya enguli, gongo ya huko, mwaka 1965, iliyomtaka mpishi wa kijijini auze kwa kiwanda ili kisafishe. Kiwanda kilipata kinywaji chenye jina kubwa. Vijijini waliendelea kupika.

Hapa ndipo hoja ya kipato inapohitaji kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ndiyo yenye nguvu zaidi upande wa wanaotaka kurasimisha. Korosho ni zao linalosimamiwa kwa jina la mwenye shamba, na fedha zake huingia kwenye akaunti iliyosajiliwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mara nyingi ya mwanaume. Uraka ni wa mwanamke. Fedha ya uraka haisubiri mnada wala malipo ya benki. Inaingia jioni na kununua unga, sabuni, na daftari la mtoto. Anayesema pombe zote zipigwe marufuku na polisi wamwage ndoo, amchukulie mama huyu kama mtu mwenye bajeti, na aseme atakula nini mwezi wa Novemba. Lakini swali hilohilo linawarudia wanaotaka kiwanda. Kiwanda kikija, mabibo yatanunuliwa kwa tani, kwa bei ya kukokotwa, na faida ya kuchachusha itahama kutoka kwenye ndoo yake kwenda kwenye tangi la mwekezaji. Tukitaka kumtetea mama wa uraka, tumtetee yeye kwa jina lake na kazi yake, tusimtumie kama kisingizio cha kumfungulia mtu mwingine biashara.

Upande wa pili wanasimama wanaoamini kamatakamata, na hawa pia nisiwapuuze. Imezoeleka kusema marufuku haifanyi kazi popote, jambo ambalo si kweli. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, ugonjwa wa ini ulipungua. Gorbachev alipobana pombe katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1985, wastani wa maisha ya wanaume ulipanda kwa haraka. Kwa hiyo kupunguza upatikanaji kunaokoa watu, na asiyekubali hilo hajasoma historia. Tatizo ni kilichofuata: nchi zote mbili zilishuhudia upishi wa mafichoni ukikua kadiri miaka ilivyokwenda, magenge yakinufaika, na serikali ikipoteza uwezo wa kujua nani anakunywa nini. Kwetu sisi tatizo hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu malighafi haifungiwi ghalani. Inaanguka yenyewe juu ya ardhi ya kila kaya. Na marufuku ya huku ina historia yake. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana pombe kali katika eneo kubwa la Afrika lililojumuisha pwani hii, na tawala za kikoloni zilizofuata ziliendelea kumnyima Mwafrika pombe kali huku Mzungu akinywa kwenye klabu yake. Wazee wengi wa Kusini walirithi kumbukumbu kwamba sheria ya pombe ni fimbo ya mtawala. Askari anapomwaga pipa leo na kesho akaonekana kwenye meza moja na mwenye pipa lingine, kumbukumbu ile inapata ushahidi mpya.

Mtu aliyenisaidia zaidi kutoka kwenye mvutano huu ni Robin Room, mwanasosholojia aliyefanya kazi Berkeley, Toronto, Stockholm na Melbourne, na ambaye kwa miongo kadhaa ameandika kuhusu pombe na bangi kama suala moja la sera. Katika maandishi yake neno "halali" na neno "haramu" yanaeleza kidogo sana. Kati ya hayo mawili kuna uwanja mpana: nani aruhusiwe kuuza, saa ngapi, umbali gani kutoka shule, kwa ujazo gani, kwa bei isiyopungua kiasi gani, na faida iende kwa nani. Nchi mbili zinaweza kuwa zote na pombe halali, moja ikazika watu wengi na nyingine wachache, kwa sababu ya majibu ya maswali hayo. Ufini ni mfano ambao wanafunzi wa fani hii wote wanaujua. Mwaka 1969 bia iliruhusiwa kuuzwa kwenye maduka ya vyakula, na ndani ya mwaka mmoja unywaji wa nchi nzima ukapanda kwa asilimia 46. Pombe ilikuwa halali kabla na baada. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtu na chupa. Uskoti nayo iliweka bei ya chini kabisa ya kilevi Mei 2018, na uchambuzi uliochapishwa 2023 ulikadiria kuwa vifo vinavyotokana moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa.

Na sisi wenyewe tumeshafanya jaribio la aina hiyo, ila hatulisomi ipasavyo. Februari 2017 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa hapa Lindi, alitangaza kuwa pombe za viroba zitapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi. Wengi wanalikumbuka tukio lile kama serikali kupiga vita pombe. Pombe iliyokuwemo ndani ya kiroba haikupigwa marufuku. Iliendelea kuuzwa kwenye chupa. Kilichoondolewa ni kipimo kidogo cha pombe kali ambacho mwanafunzi alikimudu kwa shilingi mia chache na kukificha kwenye mfuko wa shati. Ile ilikuwa sera ya afya ya jamii kwa maana halisi, na ilielekezwa mahali panapouma. Udhaifu wake ni kwamba haikuambatana na kanuni ya bei wala ya ujazo kwa kilichobaki, hivyo vichupa vidogo vya plastiki vikaja kuchukua nafasi. Yeyote anayependekeza nipa ya kiwandani leo aulizwe kwanza swali hili: itauzwa kwa ujazo gani, na kwa bei gani? Akijibu kwamba soko litaamua, basi viroba vimerudi kwa jina la mabibo.

Nimesema Room anaziweka pombe na bangi kwenye mizani moja, na inafaa kulieleza hilo kwa sababu vijana wengi hapa mjini wanalitumia vibaya. Hoja yao ni kwamba bangi haina madhara kama pombe, Canada imehalalisha, Ujerumani imehalalisha, Malawi jirani yetu nayo, kwa hiyo nasi tufuate. Kwanza tunyooshe ukweli. Malawi mwaka 2020 iliruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na viwanda, chini ya leseni, haikuruhusu kuvuta. Canada ilifungua soko Oktoba 2018, na Ujerumani mwaka 2024 iliruhusu kumiliki kiasi kidogo na kulima kwa vilabu vya wanachama, bila maduka. Uruguay, ya kwanza kabisa mwaka 2013, ilichagua njia ya duka la dawa: mnunuzi anasajiliwa, anauziwa na famasi, na hapiti gramu 40 kwa mwezi. Room alipolinganisha Uruguay na majimbo ya Marekani ya Colorado na Washington mwaka 2014, aliona kwamba majimbo yale yalinakili mifumo ya leseni za pombe ambayo tayari ilikuwa imelegezwa na nguvu za biashara. Somo lake kwa bangi lilitokana na yale ambayo pombe ilikuwa imeshatufundisha kwa gharama kubwa: ukiipa bidhaa ya kulevya wafanyabiashara wanaoishi kwa kuongeza mauzo, watayaongeza, na wanunuzi wao wakubwa watakuwa walevi wao wakubwa.

Kwa hiyo kijana anayesema "kama pombe ni halali na inadhuru zaidi, basi bangi nayo ihalalishwe" ameanza na ukweli akaishia penginepo. Ukweli huo unaweza pia kutufikisha kwenye udhibiti mkali zaidi wa pombe, na mimi naona huko ndiko unakoelekea. Kuna kasoro moja ya kimataifa ambayo Room ameisema mara nyingi nami naikubali: bangi iko chini ya mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, tumbaku ina mkataba wake wa WHO uliosimama tangu 2005, lakini pombe, pamoja na mizoga yote inayoiacha, haina mkataba wowote wa afya duniani. Ofisa wa wilaya anayekuta misokoto ya bangi ana sheria ya 2015, ana Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, ana polisi na mahakama. Ofisa huyohuyo akikuta baa mpya imefunguliwa mkabala na shule ya msingi, ana barua ya malalamiko ya wazazi. Kijana aliyekutwa na msokoto mmoja kumpeleka gerezani hakumwondolei utegemezi. Aangaliwe na watu wa afya. Ila kumfungulia duka sikuungi mkono, na sababu ni zilezile zinazonifanya nisite juu ya chupa ya nipa.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile ya wazee: kwamba mababu walikunywa uraka na tembo la mnazi wakazeeka salama, hivyo pombe ya asili haina neno. Inasemwa kwa hisia, na kwenye vikao inapigiwa makofi. Lakini mababu wanaotajwa walikunywa kilichochacha, katika msimu, kwenye jando na unyago, kwenye kilimo cha ujima na kwenye matanga, mbele ya watu wenye mamlaka ya kusema umetosha. Nipa ya dumu inayopatikana mwaka mzima, inayonywewa asubuhi na dereva wa bodaboda aliye peke yake, haina udugu na desturi hiyo. Anayetaka kuilinda desturi angeanza kwa kurudisha mipaka iliyokuwa nayo, ya majira, ya mahali na ya umri, na akifanya hivyo atajikuta ameandika karibu kila kitu ambacho watafiti wa afya ya jamii wanakipendekeza.

Majira ndiyo jambo ambalo sera zetu hazijaligusa kabisa, ilhali Kusini ndilo kubwa kuliko yote. Kwetu pombe na fedha huiva mwezi mmoja. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na kaya iliyokaa miezi bila shilingi ikapokea kwa mkupuo kiasi ambacho haikukiona mwaka mzima. Siku ya malipo baa zinajaa, magulio yanajaa, bodaboda mpya zinanunuliwa na vijana ambao hawajawahi kuendesha, na uraka uko kila uani kwa bei ya chini kuliko wakati wowote. Kisha unakuja mwezi wa Machi. Aliyemaliza fedha anaanza kukopa, na mkopo anaulipa kwa korosho ambazo hata maua yake hayajatoka. Hiyo ndiyo kangomba, na mnunuzi wa kangomba anajua vizuri ni nani kijijini mwenye kiu. Ukiisoma pombe kama suala la afya pekee, utaukosa mzunguko huu unaomfanya mkulima wa zao lenye bei nzuri aendelee kuwa maskini.

Nikiitwa kushauri, ningeanza na kutenganisha. Uraka uachwe mikononi mwa wanawake wanaoutengeneza, kwa kibali cha bei ndogo cha kijiji, uuzwe kuanzia jioni, mahali panapojulikana, usiuzwe kwa mwenye sare ya shule, na usiuzwe karibu na ghala siku ya malipo. Nipa iendelee kuwa marufuku, lakini nguvu ya polisi ielekezwe kwa wanaoisafirisha kwa madumu na wanaochanganya spiriti, kwa maana huko ndiko faida kubwa na hatari kubwa vilipo. Mwekezaji wa mabibo akaribishwe kwa mikono miwili akija na juisi, siki, jemu, chakula cha mifugo au ethanoli ya viwandani. Akija na pombe kali, atozwe kodi kwa kiwango cha kilevi, asiruhusiwe ujazo mdogo, na asitangaze. AMCOS na benki wafikirie kumpa mkulima hiari ya kupokea malipo kwa awamu, sehemu Novemba na sehemu Februari, kama atakavyochagua mwenyewe na mwenza wake. Na hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao ziombwe jambo dogo lisilohitaji mfadhili: kila majeruhi anayepokelewa kati ya Oktoba na Januari aandikiwe kama alikuwa amekunywa, na alikunywa nini. Misimu miwili ya daftari hilo itatuambia zaidi ya mabishano ya miaka 10.

Kuna watakaosema haya ni madogo mno kwa tatizo kubwa, kwamba tunahitaji sheria ya taifa. Tunaihitaji, na iandikwe. Lakini halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu 1982, na saa za kuuza, maeneo ya kuuzia na vibali vya vilabu si mambo ya kusubiri Dodoma iyafikirie. Kinachochukua muda ni njia yenyewe: mikutano ya vijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kisha idhini ya TAMISEMI. Hiyo ni kazi ya miezi. Mikorosho hutoa maua kuanzia katikati ya mwaka na bibo la kwanza linadondoka Septemba, kwa hiyo diwani wa Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa au Nachingwea anayetaka msimu ujao uwe na utaratibu tofauti anatakiwa kuliweka jambo hili kwenye ajenda kabla mkulima hajapuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho.